Wifi Apindua Kochi la Mkurugenzi

Wifi yangu ni fundi wa makochi, na kama hujawahi kuwa na wifi wa aina hiyo, shukuru. Ukimkaribisha nyumbani kwako hakai kama watu wengine. Kwanza anabonyeza kiti kwa kiganja, halafu anainama kuchungulia chini yake, halafu anakutazama wewe mwenye kiti kwa huruma. Nilipoolewa na kaka yake alikuja kunitembelea, akakaa dakika tano, akasema, "Wifi, pole. Hiki mlichouziwa ndani kina majani makavu." Nilimchukia mwezi mzima. Miguu ya kile kiti ilipoachia mbele ya wageni, nikaenda mwenyewe kumwomba anitengenezee, na tangu siku hiyo hatuachani.

Karakana yake iko mtaa wa nyuma ya jengo la halmashauri ya jiji. Ni chumba kirefu chenye dirisha moja, vumbi la sponji limepanda hadi kwenye balbu, na mtu akipiga chafya upande huu nyuzi zinapaa upande ule. Mimi niko chumba cha pili. Nachapa, natoa nakala, na ninatengeneza vitabu vya risiti kwa wafanyabiashara wa mtaa mzima. Kati yetu kuna ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo akijigonga nyundo kidoleni, maneno yote nayapokea mimi. Ana mafundi wawili. Mmoja ni Babu Misumari, mzee anayefanya kazi na misumari kumi mdomoni na kwa sababu hiyo haongei sana. Mwingine ni Dada Springi, mama wa miaka thelathini na kitu, anayefunga springi na mikanda, na yeye anaongea kwa niaba ya wote wawili.

Wifi ana tabia moja ambayo wateja wengine inawaudhi. Hataji bei kabla ya kufungua kitambaa cha chini cha kochi na kuona ndani. Hata umbembeleze vipi, hata uwe na haraka ya kufa, atakwambia lete bisibisi kwanza. Na akimaliza kazi, kabla hajafunga, anaandika kwa penseli kwenye mbao za ndani tarehe, rangi ya kitambaa na jina la mwenye kochi. Alifundishwa hivyo na mumewe, marehemu, aliyeianzisha ile karakana. Mteja haoni maandishi hayo maisha yake yote.

Kazi yake kubwa ilikuwa makochi ya jiji. Kwa miaka minane viti vyote vya lile jengo vilikuwa vinapita mikononi mwake, na nusu ya pesa iliyoingia karakana ilitoka huko. Ada ya chuo ya binti yake wa mwisho ilitoka huko. Mshahara wa mafundi wake, nao pia. Mkataba ulikuwa unaisha mwezi uleule ninaotaka kuusimulia, na wifi alikuwa anausubiri mpya kwa roho mkononi, ingawa ukimwuliza angekwambia hana wasiwasi hata kidogo.

Sasa, jiji letu lina kanuni moja ya zamani. Kila mwaka, kabla madiwani hawajapitisha mishahara na marupurupu ya wakubwa saba wa jiji, orodha yake lazima ipelekwe kwa kamati ya wakazi watano wanaochaguliwa kwa bahati nasibu. Majina yanachanganywa kwenye ndoo, karani anachomoa. Wakazi hao wanaikagua orodha wiki mbili, wanauliza maswali mbele ya watu, kisha wanasaini. Hayo ni ya kwenye karatasi. Kwa vitendo, kamati ilikuwa inafika saa nne, inakunywa soda, inasaini saa nne na nusu na kurudi nyumbani. Katika miaka yote hiyo nimesikia swali moja tu: mzee mmoja aliuliza choo kiko wapi.

Mwaka huu ndoo ikamtoa wifi.

Bahasha yake aliletewa na Mkuu wa Manunuzi wa jiji mwenyewe, ndiye yeye aliyekuwa anampelekea kazi. Nilimsikia kupitia ukutani. "Mama Sponji, hongera! Usijisumbue kusoma yote, wewe ni mtu wa kazi. Ukisaini ukurasa wa mwisho inatosha. Na ule mkataba wako uko mezani kwangu, kamati ikishamaliza tu tunaumaliza."

"Asante, mzee," wifi akasema. "Nitaipitia."

"Utaipitia?"

"Nitaipitia tu."

Alipoondoka, wifi akaja kwangu na ile bahasha, kwa sababu mimi nina taa nzuri na kiti kizuri, alichonitengenezea yeye. Akavaa miwani. Kurasa tisini. Tukaanza.

Mishahara yenyewe haikumsumbua. Nilipoona ya Mkurugenzi wa Jiji nikapiga yowe, yeye akaninyamazisha. "Ana watu elfu tatu chini yake, na bomba likipasuka saa tisa usiku simu inaita kwake. Alipwe. Mimi nataka kuona vilivyoshonewa chini." Akafungua ukurasa wa marupurupu, akalamba kidole, na hapo ndipo furaha ilipoanza.

Mkurugenzi alikuwa anapewa posho ya mtunza bustani. Wifi akavua miwani. "Huyu si anakaa ghorofa ya tano?" Tulijua vizuri, maana mafundi wake walipandisha kochi lake la nyumbani huko kwa ngazi, na Babu Misumari hadi leo anautaja mgongo wake kila wingu likitanda. "Bustani iko wapi? Kwenye beseni?" Mkuu wa Fedha alikuwa na posho ya mazingira magumu ya kazi. Ofisi yake ina feni mbili, jokofu, na zulia nene kiasi kwamba ukidondosha kifungo umekipoteza. Wengine walikuwa na posho ya usafiri na hapohapo gari la jiji, dereva wa jiji na mafuta ya jiji. Kulikuwa na posho ya kuandaa kikao, posho ya kukaa kwenye kikao na posho ya kufuatilia kikao, na kikao chenyewe ni kimoja. "Kwa hiyo analipwa kabla, wakati na baada," wifi akasema. "Hata mkunga halipwi hivyo." Na posho ya simu ilitosha kuwapigia hadi marehemu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mteja mmoja aliyetaka nakala ya kitambulisho alisubiri, akasubiri, mwisho akaomba naye asomewe.

Wifi akafika kwenye mstari wa samani. Kila mmoja wa wale saba alikuwa na haki ya seti mpya ya makochi kila baada ya miaka miwili, kwa gharama ya jiji. Viambatisho viko nyuma, ilisema. Akageuza nyuma, akageuza tena, kisha mkono ukasimama.

Ilikuwa nakala ya risiti. *Makochi mapya, seti saba.* Chini yake kiasi ambacho wifi hajakishika maisha yake yote. Na chini ya hicho kiasi, mhuri wa bluu wa karakana yake na saini yake.

Nyuma ya hiyo kulikuwa na nyingine, ya miaka miwili kabla. Na nyingine. Nne.

"Mimi sijawahi kuwauzia makochi mapya," akasema taratibu. "Nimebadilisha vitambaa tu. Makochi ni yaleyale."

Nami nilijua jinsi ilivyokuwa, kwa sababu vile vitabu nilivitengeneza mimi. Mtaani kwetu risiti tupu ni kama salamu. Mteja mkubwa anakwambia, "Nipe tupu, ofisini watajaza wenyewe," nawe unapiga mhuri, unasaini, unamkabidhi, maana ukikataa anahamia kwa jirani. Muuza rangi anatoa, mwenye gereji anatoa. Wifi alikuwa ametoa miaka minane bila kuuliza, na mimi mara kibao nimesimama pale nikimshikia kitabu asaini vizuri.

Jioni tuliketi sebuleni kwangu, sisi wawili na mume wangu. Mume wangu ni mtu wa tahadhari. Akifunga mlango anarudi kuusukuma mara tatu. Alisoma zile risiti zote nne, akazipanga upya, akashika tama.

"Dada," akasema, "saini tu. Nusu ya riziki yako inatoka kwenye lile jengo. Na ukilifungua hili jambo, mtu wa kwanza watakayemkuta ndani ni wewe."

"Najua, kaka."

"Mtoto yuko chuo."

"Najua, nimesema."

"Na wale mafundi wako..."

"Kaka, kama kuna lingine nisilolijua ndiyo uniambie." Akachukua mkoba wake akaondoka, kikombe amekiacha kimejaa. Sikulala vizuri. Nilikuwa namwogopea yeye, na nakiri, nilikuwa najiogopea mimi pia na vitabu vyangu vya risiti.

Siku mbili zilizofuata karakana haikuwa na kelele. Wifi hakutukana, hakuimba, hakumgombeza mtu. Siku ya pili alimalizia kiti cha mteja, akarudi nyuma kukitazama, na Babu Misumari akatoa misumari mdomoni.

"Kuna nini?" wifi akauliza.

"Bosi," Dada Springi akasema, "maua yanaota kuelekea chini."

Alikuwa ameweka kitambaa kichwa chini miguu juu. Miaka ishirini ya ufundi, jambo hilo halijawahi kumtokea. Akakaa kwenye kile kiti cha maua yaliyopinduka, akawaita wote wawili karibu na kuwaeleza kila kitu: orodha, risiti, mhuri. "Nikiongea Alhamisi kwenye kamati, kazi za jiji zimekwisha. Nyinyi ndio mtaumia. Kwa hiyo nawauliza."

Babu Misumari akafikiri. "Na usipoongea?"

"Nitasaini kwamba nimekagua na nimeridhika."

"Umeridhika?"

"Hapana."

Mzee akarudisha misumari mdomoni, akaendelea na kazi. Dada Springi akaanza kubandua yale maua. Wifi alikuja kwangu akaniambia, "Nipigie nakala za vile vitabu vya zamani, wifi, kurasa zote." Nikampigia bila kumtoza, nikidhani huo ndio mchango wangu.

Alhamisi nilifunga duka nikaenda. Ukumbi wa halmashauri una mabenchi ya wananchi nyuma, na siku hiyo tulikuwa watu sita, pamoja na mmoja aliyekuja kupata kivuli. Mbele kulikuwa na meza ya kamati. Mwenyekiti wake alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwembamba mwenye saa ya mkononi aliyokuwa anaitazama kila dakika. Pembeni yake kinyozi, wifi, na wengine wawili ambao tayari walishafungua soda. Upande wa pili walikaa Mkurugenzi na Mkuu wa Manunuzi. Mkurugenzi ni mtu mnene, mchangamfu, mwenye kicheko cha kuambukiza watu wengine.

"Kama hakuna maswali..." akaanza Mkuu wa Manunuzi.

"Lipo," wifi akasema. "Mheshimiwa Mkurugenzi, bustani yako iko wapi?"

Mkurugenzi akacheka. Akasubiri wengine wacheke. "Bustani gani, mama?"

"Hii tunayoilipia mtunzaji. Ukurasa wa kumi na nne."

Akageuza kurasa, akasoma, na kile kicheko kikaanza kupungua. Alisema posho hiyo ilikuwepo tangu enzi za mkurugenzi wa zamani aliyekuwa na nyumba ya chini, na inaelekea hakuna mtu aliyeiondoa. Alisema pia kwamba ana maua kwenye kibaraza. "Mangapi?" kinyozi akauliza, na hapo nikajua kinyozi naye amesoma. Maua yalikuwa mawili. Mmoja wa waliokuwa wanakunywa soda akaweka chupa chini.

Wakaenda kwenye mazingira magumu. Wakaenda kwenye kikao kinacholipwa mara tatu. Mwalimu mstaafu akaacha kutazama saa, akachomoa kalamu nyekundu kutoka kwenye nywele, na nikaona amerudi darasani. Walau nusu saa nilifurahi kuliko nilivyofurahi mwaka mzima. Lakini kila mstari ulivyokwenda, samani zilikuwa zinakaribia, nami niliona wifi ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Ukurasa wa ishirini," mwalimu akasema. "Samani."

Wifi akasimama. "Mwenyekiti, kanuni inasema tunaweza kuona kitu chochote kilichoandikwa. Naomba tuone kochi la Mkurugenzi. Liko ofisini kwake hapo jirani."

"Karibuni!" Mkurugenzi akasema. Alikuwa amefarijika. "Ni jipya kabisa. Nilirudi likizo nikalikuta, linanukia dukani."

"Hakuna haja..." Mkuu wa Manunuzi akasema, lakini watu wote walishainuka, hadi yule wa kivuli.

Ofisini wifi hakulitazama kochi kwa juu hata kidogo. Alimwambia kinyozi ashike upande ule, yeye akashika upande huu, na kwa pamoja wakalipindua, miguu juu. Akatoa bisibisi kwenye mkoba, akapiga magoti, akang'oa pini za kitambaa cha chini. Sisi tulijazana mlangoni. Mkurugenzi wa jiji zima alikuwa amesimama na mto mmoja mkononi, hajui auweke wapi.

"Mwalimu," wifi akasema, "njoo usome wewe."

Mwalimu akainama na kusoma kwa sauti, kama anaita mahudhurio. Tarehe nne, moja chini ya nyingine, kila moja miaka miwili baada ya iliyotangulia. Kijani. Kahawia. Bluu. Kijivu. Na kila mstari, *Ofisi ya Mkurugenzi.*

"Kwa hiyo hili ni..." Mkurugenzi akasema.

"Ni lilelile, mheshimiwa. Umelikalia miaka minane. Tunachobadilisha ni nguo. Na hayo mengine sita ndiyo hivyohivyo, penseli yangu imo ndani yote."

Sura ya Mkurugenzi, sijui niieleze vipi. Huenda alijua, huenda hakujua. Mimi naamini hakujua, kwa sababu alikaa sakafuni kabisa, na suti yake, akachungulia mwenyewe.

Mkuu wa Manunuzi hakuchungulia. Alikuwa amekwenda ukumbini na kurudi na lile faili. "Ndugu wanakamati, mnadanganywa," akasema, akainua risiti juu tuone wote. "Seti saba mpya, jiji limelipa, na aliyepokea ni nani? Huu ni mhuri wa nani? Saini ya nani? Mwizi wenu ndiye huyu anayewafungulia makochi!"

Kila mtu akamgeukia wifi. Bado alikuwa amepiga magoti, bisibisi mkononi.

Wifi akainuka, akapangusa magoti.

"Mhuri ni wangu," akasema. "Saini ni yangu. Maandishi ya katikati si yangu." Akatoa vitabu vyake vya risiti kwenye mkoba na nakala nilizompigia, akaziweka juu ya miguu ya lile kochi. "Kila risiti ina nakala ya chini inayobaki kitabuni. Tazameni namba, ni zilezile. Nakala zangu hazina kitu, zina mhuri na saini tu. Aliniomba risiti tupu, nikampa. Miaka minane. Sikuuliza atajaza nini, kwa sababu nilitaka kazi iendelee kuja. Andika hivyo kwenye kumbukumbu, mwalimu. Andika na mimi nimo."

Mwalimu aliandika yote kwa kalamu nyekundu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kamati haikusaini. Madiwani, walipoona hadithi imeshafika mtaani, wakafuta posho ya bustani, ya mazingira magumu na ya samani, na kikao kikawa kinalipwa mara moja. Mkuu wa Manunuzi alipelekwa nyumbani kusubiri uchunguzi. Wifi alihojiwa na wakaguzi siku mbili, akajibu kila kitu, akarudi amechoka lakini anakula vizuri. Watu wengi walikuja karakana kumpa mkono wa pongezi. Walioleta makochi walikuwa watatu.

Kisha barua ikaja. Mkataba hautaongezwa, na kwa kosa la kutoa risiti tupu, hataruhusiwa kuomba kazi ya jiji kwa miaka miwili. Unga umemwagika. Mume wangu alitaka kwenda kupigana na mtu, na kwa mtu wa tahadhari hilo si jambo dogo. Wifi aliisoma barua mara mbili. "Kosa nimelifanya kweli," akasema. "Wangeniacha, ningewashangaa." Aliikunja, akafuta macho kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na gundi.

Jumatatu aliwaita mafundi wake. Mimi nilikuwa upande wangu natoa nakala, lakini sikio lilikuwa ukutani.

"Kazi imepungua nusu," akasema. "Sitaki kumwondoa mtu. Naomba kwa miezi sita tupunguze malipo kwa theluthi moja. Sote."

Nilisikia misumari inawekwa mezani, mmoja mmoja, kumi.

"Sote pamoja na wewe?" Babu Misumari akauliza.

"Pamoja na mimi."

"Wewe unachukua kiasi gani?"

Nikazima mashine. Swali hilo halijawahi kuulizwa karakana hiyo, wala ya jirani, wala ninayoijua mimi.

"Babu," wifi akasema, na nilijua uso amekunja bila kumwona, "karakana hii ni yangu."

"Hata wale wa ghorofani walidhani jengo ni lao," akasema Dada Springi.

Nikasikia mlango unabamizwa. Nilimwona dirishani akienda hadi mwisho wa mtaa, akasimama karibu na muuza rangi bila kununua rangi, akageuka. Alipoingia kwangu alikuwa anahema. "Wifi, washa mashine. Andika."

Nikaandika alivyonitajia. Anachochukua kila mwezi. Vocha ya simu. Chakula cha mchana. Teksi siku za mvua. Mabaki ya sponji anayojazia mito na kuiuza mwenyewe, ambayo wale mafundi hawakuijua kabisa. Chai na mkate wa wageni. Nilikuwa nachapa haraka bila kuwaza, nimejaa sifa juu yake, nikisema moyoni huyu ndiye mwanamke. Karatasi ikatoka, nikaipulizia ikiwa bado moto, nikaenda kuibandika ukutani kwa mkono wangu.

Babu Misumari aliisoma kwa kidole. Kidole kikasimama. "Teksi. Si unakaa mtaa wa tatu?" Wifi akafuta teksi. Kidole kikashuka. "Mito." Wakakubaliana ya mito igawanywe mara tatu, na Dada Springi akatabasamu mara ya kwanza tangu barua ile. Kidole kikashuka tena.

"Chai na mkate wa wageni. Kila siku, mwezi mzima. Mgeni gani huyu asiyekosa hata Jumamosi?"

Wote watatu wakageuka wakanitazama.

"Mimi si mgeni," nikasema. "Mimi ni wifi yake!"

"Basi kama si mgeni," Dada Springi akasema, "umekuwa ukinywa kwenye fungu lisilokuhusu."

Nikamtazama wifi anitetee. Alikuwa anauma midomo asicheke. Akachukua kalamu, akapiga mstari.

"Wifi! Hata mimi?"

"Hata wewe, wifi."

Nilikasirika, sisemi uongo. Nilirudi kwangu, nikakaa siku mbili bila kukanyaga karakana, nikijiambia kwamba haki nayo ina mipaka yake. Ukutani nilisikia wanacheka, na ilikuwa inaniuma kwamba hawacheki na mimi. Siku ya tatu nikanunua chupa ya chai na mkate mzima, nikaingia bila kubisha, nikapanga vikombe vinne juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikamimina.

Babu Misumari alitema misumari kiganjani, akakitazama kikombe.

"Hii amelipa nani?"

"Mimi, babu."

"Kwa pesa yako?"

"Kwa pesa yangu."

Basi akanywa.